Mto Ulikuja Jua Likiwaka

Mvua ya kwanza ilipogusa vumbi la Githurai, wanawake wa upande wetu wa soko waliinua pua zao kwa pamoja. "Hii harufu," mmoja akasema, "ingekuwa inauzwa kwa chupa ningenunua." Wengine wakacheka, wakavuta turubai juu ya nyanya zao bila haraka. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mkono ulikuwa unatafuta kitu cha kushika. Jirani yangu wa vitunguu aliniangalia akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia ni njaa.

Haikuwa njaa. Nimeona niandike, kwa sababu mimi na dada yangu Njeri tumekosana kwa simu juu ya jambo hilihili, yeye akikumbuka hivi na mimi vile, na mama, ambaye angetuamulia, tumeshamzika. Njeri amesoma kunipita. Mimi niliachia darasa la nane. Kwa hivyo pale anaposema nimekosea, huenda nimekosea, na nitajaribu kusema nikifika hapo.

Tuliishi Theta, kwenye udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu, na jua likiwaka unapasuka mpaka mtoto anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Upande wa Ruiru kahawa ilikuwa inang'olewa ili plot za kujenga ziuzwe, na nyumba za mawe zilikuwa zinatusogelea, lakini sisi bado tulikuwa watu wa jembe. Baba alikuwa na kibarua kwenye kiwanda Thika. Alipanga chumba Makongeni na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mama alilima kando ya mto: sukuma, spinachi, managu. Mboga zake zilichukuliwa na wanawake wa soko hilihili ninalouzia leo.

Mwaka ninaousema, mvua ya njahi haikuja. Ndivyo shosho, bibi yetu, alivyokuwa akiziita zile mvua ndefu, kwa jina la zao lake, maharagwe meusi. Ilipiga ngurumo kidogo, ikatoa matone ya kutia vumbi madoa, ikaenda. Mahindi yalikauka yakiwa ya urefu wa goti. Wale wa rika langu mtakumbuka tulivyokuwa tunabeba maji shuleni, kila mtoto na kamtungi kake, tumwagie sakafu ya darasa vumbi litulie. Mwaka huo mwalimu mkuu alitwambia tuache. Tukae na vumbi.

Ni katika vumbi hilo nilifundishwa habari za maji. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mama mpole, mjamzito, na alikuwa akichora ubaoni ameketi. Alichora jua, mto, mishale inayopanda, wingu, kisha mishale inayoshuka. "Maji hayaishi," alisema. "Yanazunguka tu. Yakipanda, lazima yashuke."

Niliinua mkono. "Mwalimu, yanashukia wapi?"

"Chini," akasema, na darasa lote likacheka, hata yeye.

Alijibu vizuri. Swali langu ndilo lilikuwa halijaiva. Nilichotaka kuuliza ni kama maji yanashukia palepale yalipotoka, na kwa kuwa sikujua kuuliza, nilijijibu mwenyewe kwamba ndiyo.

Siku hiyo nikirudi nyumbani nilivuka mto kwa mawe. Mahali ambapo mwaka uliotangulia maji yalinifika kiunoni, sasa yalikuwa kamba nyembamba inayopita katikati ya matope. Yote mengine yalikuwa yamepanda. Nilisimama nikaangalia juu. Hakukuwa na kitu, ni bluu tupu, na hicho ndicho kilichonitisha. Mto mzima uko juu ya vichwa vyetu na hauonekani. Umening'inia tu. Na lazima ushuke.

Kuanzia hapo nilianza kutembea nikiwa nimeinamisha shingo. Nilihesabu kwamba kila tone linalokauka linaongeza ule mzigo, basi nikaanza kuufanyia kazi. Nilifunika sufuria zote. Nilifunika pipa kwa gunia na juu yake jiwe. Maji ya kuoshea miguu niliyamwaga haraka kwenye ufa, yaingie ardhini kabla jua halijayaona. Nguo zilizofuliwa zilinisumbua zaidi, maana zile ziliwekwa hadharani kabisa, kwenye kamba, zikipandisha maji mchana kutwa. Jumamosi moja nilizianua zikiwa mbichi, nikazikunja vizuri, nikazisukuma chini ya kitanda.

Jumatatu asubuhi sweta ya shule ya Njeri ilikuwa inanuka kama mbwa.

"Nani ameweka nguo mbichi huku chini?" mama aliuliza.

"Ni huyu," Njeri akasema. "Nani mwingine? Huyu ni wazimu, mama, aki mpeleke hospitali."

"Nilikuwa naficha maji," nikasema.

"Unayaficha asiyaone nani?"

"Jua."

Mama alikaa kitandani. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kanisani tunafunga tukiomba mvua, kumbe adui tunalala naye nyumba moja," alisema. Halafu akaona kwamba sicheki, akanivuta karibu. "Wewe, mvua si mnyama. Inaogopwa nini?"

Sikumwambia. Nilidhani nikilitamka litakuwa kweli. Kanisani kweli walikuwa wanafunga, na kila Jumapili mchungaji alimwomba Mungu afungue madirisha ya mbinguni, watu wazima wakilia. Mimi nilifumba macho kama wengine, lakini amina haikunitoka. Niliona watu hawa hawajui wanachokiomba. Hawajui ni maji kiasi gani yako kule juu.

Kuna jambo lingine ambalo ni haki niliseme, ingawa Njeri hapendi. Mama aliomba mvua, na aliomba kwa moyo. Lakini ukame ule ndio ulikuwa unatulisha. Mashamba ya juu yalikauka yote, kwa hivyo mwenye mboga alikuwa yule mwenye kipande kando ya mto tu, na wanawake wa Githurai walimngoja mama mpaka kwenye kijia. Baba kule kiwandani alikuwa anaitwa leo na kesho anaambiwa apumzike. Sukuma za mama ndizo zilikuwa zinatusomesha.

Na namna ya kulima wakati wa ukame kwetu ni hii: mto ukishuka, unashuka nao. Vitalu vya kwanza viko ukingoni. Maji yakirudi nyuma, udongo wa pale unakuwa mgumu, basi unafungua vitalu vingine chini kidogo, kwenye tope ambalo jana lilikuwa chini ya maji. Yakirudi tena, unayafuata tena. Tope lile halihitaji mbolea, linaotesha hata kijiti cha kiberiti. Kufikia mwisho wa kiangazi kile, mama hakuwa analima kando ya mto. Alikuwa analima ndani ya mto. Kutoka juu ukingoni ungemwona ameinama chini kule, kuta za udongo huku na huku, kama mtu aliyeingia kwenye handaki.

Jirani yetu Baba Ciku ndiye alianzisha habari ya kuvuka. Alikuwa na pampu ya petroli, akivuta maji kupeleka kwenye nyanya zake za juu. Yeye ndiye alimwambia mama avuke ile kamba ya maji alime hata upande wa pili, kwa sababu tope la kule lilikuwa zito zaidi. Nilikuwepo akisema. "Mama Njeri, huko kwingine kumelala bure. Ningekuwa na migongo miwili ningelima mimi." Mama akamwambia hata huo mmoja alionao anautumia vibaya. Wakacheka. Akavuka.

Kisha mawingu yakaanza. Hayakuwa juu yetu, yalikuwa mbali, upande wa Gatundu na milima ya Nyandarua, yamerundikana kama magunia ya makaa. Jioni yalinguruma. Watu walitoka nje kuyaangalia na kusema yanakuja, yanakuja. Mimi nililala nimejifunika kichwa, nikisikiliza mabati. Hayakuja. Yalikaa kulekule, siku baada ya siku, yakiwa meusi zaidi.

Kisha Jumamosi moja niliamka mbingu ikiwa safi kabisa. Hata wingu la ukubwa wa kitambaa halikuwepo juu yetu. Nakumbuka kupumua. Niliondoa jiwe juu ya pipa. Niliacha karai wazi. Mama alikuwa ameshaenda mtoni asubuhi, na mchana Njeri akanituma nimpelekee uji kwenye chupa. Nilienda nikirukaruka, shingo imenyooka, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sana. Kama juu hakuna kitu, kitashuka nini?

Nilipofika, Baba Ciku alikuwa chini karibu na ukingo wetu, pampu inanguruma miguuni pake. Mama alikuwa ng'ambo ya ile kamba ya maji, ameinama, ametupa mgongo. Niliketi juu ukingoni kumngoja amalize mstari. Jua lilikuwa kali mpaka linaumiza macho.

Kwanza ilikuja harufu. Udongo ulionyeshewa, mbichi, ileile inayosifiwa sokoni. Niliangalia mkono wangu kama kuna tone. Niliangalia vumbi pembeni yangu. Kavu. Harufu ilikuwa inatoka mtoni, ikiteremka kutoka juu ya mto kwa upepo wa baridi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha giza. Sikuelewa. Ngozi ya kichwa ilinisisimka, nikajikuta nimekumbatia ile chupa ya uji.

Halafu kamba ya maji ikabadilika rangi. Ilikuwa ya kijivu, ikawa kama chai ya maziwa, juu yake povu, majani ya kahawa, na mabua. Baba Ciku aliinama akaitazama. Alisimama. Alitazama juu ya mto, kwenye kona, na mimi nikasikia kitu kama lori linamwaga mawe, ila halimalizi kumwaga.

"Mama Njeri!" Baba Ciku aliita. "Toka! Maji!"

Pampu ilikuwa inamfunika sauti. Mama hakuinua kichwa. Akaita tena, akipunga kofia, na watu wa vitalu vya juu walianza kukimbia, wakipanda kwa mikono na magoti. Na mimi, nilipoona watu wanakimbia, unajua nilifanya nini? Niliangalia mbinguni. Nilisimama pale nikiitafuta mvua kwenye bluu tupu, nikingoja ule mto wangu ulioning'inia ushuke, huku mwingine unakuja kwenye kona.

Nilipoangalia chini, mama alikuwa ameona. Alikuwa na jembe mkononi. Alitazama upande wetu, akatazama maji, na sijawahi kuona uso wa mtu ukipima vile. Upande wetu kulikuwa na mimi. Upande wa pili ukingo ulikuwa karibu zaidi. Alinipa mgongo, akakimbia ng'ambo.

Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta mfupi wa takataka, magogo na mabua na kitu chenye miguu, nadhani mbuzi, yakisukumana, na maji yenyewe yalikuwa nyuma. Mama alifika chini ya ukingo akaanza kupanda. Udongo ulimkatikia. Alianguka magoti. Kisha takataka zikapita kati yetu na sikumwona tena.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka gauni langu limenikaba shingoni, na miguu yangu inakimbia hewani. Baba Ciku alikuwa amenishika mgongoni kwa ngumi. Mkono wa pili alikuwa ameshika kamba ya pampu, na ile pampu ilikuwa imeshaanza kuvutwa na maji. Nilimwuma. Alisema, sauti ya chini kabisa, "Tulia, tulia, tulia." Halafu akaachia kamba.

Hapa ndipo Njeri na mimi tunapokosana. Yeye husema Baba Ciku ndiye aliyempeleka mama kwenye mdomo wa kifo, na kwamba hata siku ile alikuwa anahangaikia pampu yake. Kwamba alimwambia mama avuke, ni kweli, nimeshasema. Kwamba alikuwa na pampu mkononi, ni kweli pia. Lakini Njeri alikuwa nyumbani. Mimi nilikuwa ndani ya ile ngumi. Mkono aliouachilia haukuwa ulionishika mimi. Nyanya zake zote zilikauka baada ya hapo, na sikumsikia akizitaja.

Nilimwona mama tena ng'ambo. Alikuwa juu ukingoni, kwa miguu yote minne, akikohoa. Alisimama. Kati yetu sasa kulikuwa na mto mpana, wa kahawia, unaokwenda kasi na kunguruma, na juu yake jua linametameta kama sikukuu. Vitalu havikuwepo. Alinitazama. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika, na mkono wake unaenda hivi na hivi, lakini hakuna neno lililovuka. Nilipiga kelele aseme tena. Alisema tena, sikusikia tena. Kisha akageuka, akaingia kwenye mahindi makavu ya watu wa ng'ambo, akapotea.

Nilijua anachosema. Alikuwa ananiaga.

Baba Ciku alinibeba mpaka nyumbani, akampigia baba simu, akarudi mtoni kuangalia kama kuna mtu mwingine. Njeri alinivua nguo akaniosha tope bila kunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Aliniuliza mama ameenda upande gani. Nikamwambia ameenda tu. Akaniuliza kama alikuwa anachechemea, kama alikuwa na damu. Sikujua. Tuliketi mlangoni. Mbuzi walikuwa wanalia hawajapewa maji, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuchota. Mbingu ilikuwa safi hivyohivyo mpaka jua likaanza kuwa jekundu, na mimi niliichukia ile rangi ya bluu kama mtu anayemchukia shahidi mwongo.

Mama alifika giza halijaingia, nyuma ya bodaboda. Alikuwa amezunguka mpaka kwenye daraja la barabara kuu. Hakuwa na kiatu hata kimoja na goti lilikuwa limechanika. Jembe alikuwa nalo.

"Mmekula?" akauliza.

Njeri akaanza kulia. Mimi sikuweza kumsogelea. Nilinyoosha mkono nikagusa sketi yake. Ilikuwa na tope lililokauka, ikawa ngumu kama kadibodi.

"Ulikuwa unasema nini?" nikamwuliza.

"Lini?"

"Ng'ambo. Ulikuwa unaniambia."

Alifikiri. Aliliegemeza jembe ukutani kwanza. "Sijui," akasema. "Nilikuwa naita tu."

Baba aliwasili kesho yake asubuhi, macho mekundu. Aliangalia goti la mama, akaenda akauangalia mto, akarudi. "Hutashuka kule tena," alisema.

"Sawa," mama akasema. "Na hizo mboga zitatoka wapi? Makongeni?"

 Sidhani baba alikuwa na kosa, na sidhani mama alikuwa na kosa. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli, na ukweli wenyewe haukupatana.

Baadaye nilielezwa na watu wengi. Kwamba mvua ilinyesha kule Gatundu mchana na usiku, ikakuta udongo umekaushwa na kiangazi hadi ukawa kama sakafu, ikateleza yote mpaka mtoni. Wengine walidai kuna mtu aliyefungulia maji mahali fulani huko juu. Sijawahi kuona ushahidi, siwezi kulisema. Juzijuzi nimesikia redioni kwamba hewa ikipata joto inabeba maji mengi zaidi, kwa hivyo inakausha kwa muda mrefu halafu inamwaga kwa mara moja, na kwamba ukame na mafuriko vinatoka chungu kimoja. Sijui kama nimeelewa sawasawa. Lakini nilipolisikia niliinuka nikazima redio, kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa nakiogopa nikiwa mtoto, na walikuwa wamenizoeza kuamini kwamba nilikuwa mjinga. Nilikosea kitu kimoja tu. Nilidhani maji ya mtu humrudia mwenyewe, palepale yalipomtoka. Hayana mwenyewe. Yaliyopanda kwetu labda yalishukia nchi ya mbali, na yaliyokuja kumchukua mama yalikuwa ya watu wengine.

Mvua ilinyesha kwetu pia, mwishowe, wiki chache. Ikakatika. Mahindi yakanyauka tena. Baba akaambiwa kiwandani apumzike. Mto ukaanza kushuka, ukiacha tope jipya, jeusi, laini, kuliko lile la kwanza. Tulilipita kila siku tukienda shule na hakuna aliyelizungumzia.

Jumamosi moja mama alichukua jembe. Baba alikuwa nyumbani, ameketi, anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. 

"Wewe twende," mama akaniambia.

Alinikalisha juu ukingoni, kwenye jiwe ambapo kona yote ilionekana.  Aliniambia nisiitazame mbingu kabisa. Nitazame maji, yale yanayotokea kwenye kona, rangi yake. Yakibadilika hata kidogo, niite. Akavua viatu, akashuka.

Nilimwona akivuka ile kamba ya maji kwenda upande wa pili, kwenye tope zito. Aliinama. Kutoka pale juu sikuona uso wake, niliona mgongo tu. Maji yalikuwa ya kijivu. Nilipepesa macho haraka haraka, moja moja, ili lingine libaki wazi. Yalikuwa bado ya kijivu.